Ruhusa ya Kumuuguza Mama

Kiwandani kwetu mwanamke aliruhusiwa kuzaa mara moja kila miaka mitatu. Hakuna aliyelisema hivyo waziwazi, bila shaka. Ilisemwa kwamba mfanyakazi wa kike ana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo, na kwamba akishaichukua hana nyingine mpaka miaka mitatu ipite. Mimba iliyowahi kabla ya hapo haikuwa kosa. Ilikuwa shauri lako na mumeo, na kiwanda kiliwatakia heri.

Kilikuwa kiwanda cha nguo, Morogoro mjini, na mimi nilikuwa idara ya kusokota nyuzi. Wengi pale tulikuwa wanawake, kwa sababu mtu fulani huko juu aliamini kwamba vidole vya mwanamke huunga uzi uliokatika upesi kuliko vya mwanamume. Ni kweli, viliunga. Uzi ukikatika unaudaka, unauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, unasonga mbele kwenye mwingine, na mashine haikusubiri. Tulivaa makoti mapana ya rangi ya kaki yaliyoshonwa kwa kipimo kimoja, wembamba na wanene, na makoti yale yalisitiri mengi. Nimemwona mwenzetu akibeba mimba ndani ya koti lile mpaka mwezi wa saba, amejifunga kanga mbili kwa ndani, na msimamizi akimsifu kwamba kazi imempenda, ananenepa.

Isitoshe, kuficha mimba hakukuwa jambo geni kwetu. Pale walikuwapo watu wa kila mkoa, Waislamu na Wakristo, na mambo mengi hatukuafikiana, hata namna ya kupika maharage. Lakini hili tuliafikiana: cha tumboni hakitangazwi mpaka kimelia. Mama zetu walituficha hivyohivyo, tena hawakuwa na bwana utumishi wa kumkwepa.

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza miaka miwili nilipojua kwamba nina wa pili. Likizo yangu nilikuwa nimeshaila kwa huyo wa kwanza. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na nilipomwambia alifurahi kama wanaume wanavyofurahi, yaani alifurahi kisha akarudi kwenye miwa. Nisimwonee. Baadaye aliomba siku mbili awe karibu nami wakati wa kujifungua, na mnyapara wake akamwuliza mbele ya watu kama yeye ndiye atakayenyonyesha. Hakuomba tena.

Walionitangulia walikuwa na njia yao. Waliitunza likizo ya mwaka, wakaichukua mwezi wa kujifungua, kisha wakarudi kwenye mashine na vitambaa kifuani vya kunyonya maziwa yanayovuja. Nami nilikusudia kupita njia hiyohiyo. Lakini ilikuwa ndiyo miaka ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni hadi barabarani, vitenge vya nje viliingia kwa bei ya kutupa, na vitambaa vyetu vikawa vinalala ghalani vikiliwa na panya. Siku moja tukaitwa uwanjani, tukaambiwa kiwanda kinatafutiwa mnunuzi. Mnunuzi huyo, walisema, atakuja kutazama watu wakiwa kazini, na atachagua mwenyewe wa kubaki. Kwa hiyo likizo zote zimesimamishwa. Anayetaka kutoka awe na dharura: mzazi, mume au mtoto wa kuuguza au wa kuzika. Atakayekosekana kwenye mashine yake bila dharura asije akamlaumu mtu.

Nilisimama pale na tumbo la miezi minane chini ya koti, nikawapitia jamaa zangu mmoja mmoja moyoni. Kumsingizia mtoto ugonjwa sikuweza. Ulimi wenyewe ungekataa. Mume wangu alikuwa na mjomba wake pale kiwandani, uongo ungefika kabla yangu. Akabaki mama.

Mama yangu alikaa mlimani, juu ya Bigwa, mahali ambapo gari huishia chini na wewe unaendelea kwa miguu mpaka magoti yakuulize umekosa nini. Alilima maharage na kabichi kwenye mteremko ambao mgeni angeshindwa hata kusimama. Alikuwa na migomba yake, kuku wake, na rozari shingoni. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona amelala mchana. Ndiye niliyemwuguza.

Bwana utumishi wetu alikuwa mtu mpole, mgeni wa mkoa kama wengi, anayevaa kaunda suti hata siku za joto. Nilimwendea siku zangu zilipokaribia, akaniuliza mama anaumwa nini. Nikasema kifua. Neno lilikuja lenyewe, kwa sababu vumbi la pamba lilikuwa limewapa kifua nusu ya watu pale na hakuna aliyekitilia shaka.

"Pole sana, dada," akasema. "Mama ni mmoja. Nakupa mwezi. Ukizidi hapo mimi siwezi kukusaidia, unaijua hali."

Sikuona aibu wakati ule na hata sasa siioni. Ningekuwa na haki ningeitumia haki. Sikuwa nayo, nikamtumia mama. Nilichokitaka kilikuwa kidogo tu: nizae, nirudi kabla mnunuzi hajafika, anikute nimesimama kwenye mashine yangu na vidole vyangu vinavyojulikana.

Nilijifungua kwa mama, mtoto wa kike, alfajiri ya siku ya mvua. Mkunga alikuwa shangazi wa jirani, na mtoto alilia kabla hajavutwa vizuri. Mama alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni mpaka nikawa napiga kelele. Alinikorogea uji wa pilipili manga, akanifunga tumbo kwa kanga, akanikataza hata kushika ufagio. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kwa hiyo katika nyumba ile kulikuwa na sauti moja. Sikuwa nimemweleza kwa nini nimepewa mwezi. Alidhani ndivyo serikali inavyotoa.

Wiki ya tatu nikamwambia kwamba nitateremka.

"Unateremka wapi?"

"Kazini, mama. Mwezi unaisha."

"Na huyu?"

"Nitakuachia. Nitakuwa napanda jioni nikitoka zamu ya asubuhi."

Aliweka chini kibuyu cha maji. "Mgongo wako haujafunga. Mtoto macho yake hayajazoea jua. Mzazi hatoki kabla ya arobaini, nani asiyejua?"

"Kiwanda hakijui arobaini."

"Kimeambiwa?" akauliza.

Nikacheka. Sikujua kwamba aliuliza kwa sababu alitaka jibu.

Kwetu mlimani mtu hachukuliwi kimyakimya. Mama akitaka kumweka bintiye ndani kwa ajili ya uzazi, huenda kwanza kwa wale wanaokaa naye, wakwe au nani, na kitu mkononi. Huwaambia: mtu wenu ninaye, yuko ndani, msimsubiri, muda ukifika nitamrudisha. Ni adabu tu. Asiyefanya hivyo huonekana amemwiba mtu, hata kama mtu mwenyewe alimzaa yeye. Mama alifanya hivyo nilipozaa wa kwanza, akaenda kwa watu wa mume wangu na mchele wa Dakawa na mafuta. Safari hii alifikiri, akaona wanaokaa nami si wakwe tena. Ni kiwanda.

Siku moja baada ya mazungumzo yetu alisema anakwenda sokoni. Aliondoka na mkungu wa ndizi kichwani na jogoo kwapani. Alirudi jioni mikono mitupu, nikamwuliza kama amepata bei nzuri. Akasema watu walikuwa wazuri. Kisha akaingia jikoni kunichemshia maji.

Mwezi ulipotimia nilijifunga kifua kwa kitambaa, nikamnyonyesha mtoto mpaka akashiba kabisa, nikamwachia jirani, nikateremka kabla mama hajarudi kutoka misa ya asubuhi. Nilifika getini nikiwa na jasho na maumivu ya mgongo, nikijipanga namna ya kusema mama anaendeleaje. Mlinzi alinifungulia huku amekunjua uso kwa furaha.

"Hongera, mama! Wa kike, eh? Lakini si tuliambiwa uko ndani? Umetokaje?"

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa bwana utumishi, nikasimama mbele ya meza yake, na niliogopa kuliko nilivyoogopa uchungu wa kuzaa.

Alisimama akafunga mlango. Kisha akanisimulia, bila ukali, kama mtu anayesimulia jambo lililompata safarini.

Mama alifika asubuhi, akamwamkia mlinzi aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, akamwambia ana ujumbe kwa mkubwa wa pale. Mlinzi akaona aibu, akamwitikia kwa shikamoo, akampitisha. Akaingia ofisini na ndizi na jogoo, akajitambulisha kuwa ni mama yangu. Bwana utumishi akasimama.

"Nilimwambia: mama, si tuliambiwa wewe ni mgonjwa? Kifua?"

"Akasemaje?" nikauliza.

"Akaniangalia hivi. Akasema, 'Nimepona.'"

Kisha mama akaketi, akamweleza shida yake kwa utaratibu. Mtu wenu ninaye. Ni mzazi, yuko ndani. Nilikuwa nimewaazima, sasa nimemchukua. Arobaini ikitimia nitamrudisha. Akaweka ndizi juu ya meza na jogoo sakafuni, akaaga.

"Sasa dada," akasema bwana utumishi, "wewe kwa kanuni ni mtu wa kuachishwa leo. Kwanza kwa uongo. Pili huna likizo ya uzazi, miaka mitatu haijapita. Hata ningetaka kukupa, sina cha kukupa."

Nikasema naelewa.

"Tatizo ni yule jogoo. Tulimchinja. Tumemla hapa kantini, mimi na wasimamizi wote, na mchuzi ulikuwa mzuri. Nile jogoo wa mama wa watu, halafu nimfukuze mwanawe?" Alijifuta jasho. "Mama yako kapona, lakini hajapata nguvu. Umenisikia? Anahitaji wiki mbili zaidi za kuangaliwa. Ondoka hapa, na ukipita getini usitembee hivyo kama bata, wengine wana macho."

Nilipanda mlima siku hiyohiyo na jua likiwa kichwani. Nilikuwa na hasira na mama kiasi kwamba nilikuwa nikisema peke yangu njiani. Alikuwa ameniweka uchi mbele ya watu. Alikuwa amekaribia kuninyang'anya kazi kwa ajili ya adabu za watu wa mlimani, adabu ambazo hakuna kanuni ya kiwanda iliyozitambua. Nilifika nikiwa na maneno tele. Nikamkuta amekaa kizingitini, mtoto mapajani, anampepea kwa kipande cha kanga.

"Umeniuguza siumwi," akasema kabla sijatua. "Huo ni uchuro, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia umekwenda?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia naumwa? Ningejua, ningekohoa kidogo."

Nilitaka kubaki na hasira yangu lakini ilinishinda. Nilicheka mpaka kitambaa cha kifuani kikalowa, mama akacheka kwa kuziba mdomo kama afanyavyo kanisani, na mtoto akaamka akalia. Nilimpenda mama siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na sikumwambia. Nilikaa ndani mpaka arobaini ikatimia.

Mnunuzi alichelewa, kama vitu vingi vya miaka ile. Alipofika nilikuwa nimesharudi kwenye mashine yangu. Alipita kati ya mistari na watu wake, akasimama nyuma yangu, akatazama vidole, akapita. Nilibaki. Wengi hawakubaki. Bwana utumishi naye alipunguzwa, akarudi mkoani kwao na kaunda suti zake, na ofisi yake ikawa stoo. Ruhusa zikawa zinaombwa kwa msimamizi wa zamu. Wetu alikuwa mtu tuliyeanza naye kazi siku moja, fundi mashine wa zamani, si mtu mbaya. Mama yangu wote pale walimjua. Aliitwa Mama Jogoo, na kila aliyepata mtoto au aliyetaka ruhusa aliambiwa kwa utani aende kwanza kumwona Mama Jogoo.

Yule mtoto wa kike alilelewa mlimani pamoja na kaka yake. Nilipanda kila nilipoweza. Alikuwa ameshajua kukimbia na kuwafukuza kuku wa bibi yake pale mwanamke mmoja wa kwetu, anayeuza mboga mjini, aliponifuata getini na kuniita pembeni. Akasema mama hajaamka. Anakohoa, kifua kinamkaba, chakula hapokei. Watoto wanaangaliwa na jirani.

Nilikwenda kwa msimamizi nikiwa na koti langu mwilini. Mashine zilikuwa zinavuma, ikabidi nipaze sauti.

"Naomba ruhusa. Mama anaumwa."

Akatabasamu. "Mama yako si alishaumwa?"

"Anaumwa sasa. Kweli."

"Anaumwa nini?"

Nilijua jibu, na nilijua litakavyosikika. "Kifua."

Akatingisha kichwa, bado anatabasamu. "Dada, kifua ulishakitumia. Na alipona, akaja mwenyewe kwa miguu yake. Mimi nimeonja mchuzi ule. Una mimba nyingine? Sema tu, tuone."

Nikamwapia. Nikamwapia kwa wanangu. Alipoona siondoki, tabasamu likamtoka, na naamini kwa muda alinisadiki, lakini akatazama upande wa ofisi ya juu yenye kioo. "Mwenye mali hataki hadithi," akasema. "Zamu yako mpaka saa nane. Ukitoka sasa, umetoka."

Nilirudi kwenye mashine. Uzi ulikatika, nikauunga. Ukakatika mwingine, nikauunga. Wa tatu ulipokatika niliutazama ukining'inia, nikaona mikono yangu iko mfukoni. Nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari wangu, nikatoka. Mlinzi alikuwa yuleyule. Aliuliza naenda wapi zamu haijaisha. Nikamwambia naenda kumuuguza mama, na yeye, peke yake siku ile, akasema pole.

Mama alikuwa amelala upande wa ukutani, mchana kweupe. Hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Nilimwamkia, akaitikia kwa macho, nikamwinua nikampa maji ya moto kwa kijiko. Baada ya muda pumzi yake ikatulia kidogo, akaniangalia.

"Leo siku ya kazi," akasema.

"Nimepewa ruhusa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapopona, mama."

Akafikiri. Aliniangalia vilevile, nadhani, kama alivyomwangalia bwana utumishi siku ile alipoulizwa habari za kifua. Nilingoja aniambie kwamba ananijua.

"Hao ni watu wema," akasema. "Ukirudi usiende mikono mitupu. Mchukue yule jogoo mwekundu."

Nikamwambia nitamchukua. Nje mwanangu alikuwa anacheka na kuku walikuwa wanakimbia huku na huku. Yule mwekundu tulimchinja wiki iliyofuata, kwa ajili ya watu waliopanda kuja kumzika.